Benchi Langu Halishuki Ngazi

Vijana wangu, shikamoo zenu nazipokea, marahaba, lakini neno linalofuata baada ya hapo nimechoka nalo. "Mzee, si upumzike sasa?" Nipumzike vipi? Mtu aliyezoea kusimama mbele ya ubao, ukimkalisha kwenye kochi tangu asubuhi, jioni utamkuta kiuno kimekaza na anagombana na televisheni. Mimi nilistaafu karakana. Useremala sikustaafu.

Naandika kwa ajili yenu mnaojifunza kazi hii majumbani. Wewe uliyenunua patasi yako ya kwanza Kariakoo na unaitumia kwenye korido huku mama mwenye nyumba anakutazama kwa jicho la pembeni. Wewe binti wa Buguruni uliyenionyesha picha ya kigoda ulichotengeneza chumbani kwako, mguu mmoja mfupi, na ukacheka mwenyewe kabla sijacheka. Mguu ule unarekebishika, usikitupe. Nataka niwape mambo machache ya kazi, na niwasimulie namna mwaka huu nusura nipokonywe benchi langu, na kwa nini sikukubali.

Kwetu ni Kariakoo. Wazazi wangu walitoka Lindi wakajenga nyumba ya Kiswahili, vyumba vimetazamana, korido katikati, uani nyuma. Kona moja ya uani ilikuwa yangu na benchi langu. Baadaye akaja mwekezaji, tukaelewana naye kama familia nyingi za pale zilivyoelewana na wawekezaji wao. Nyumba ikashuka, ghorofa likapanda, na sisi tukapewa makazi humohumo. Mimi na binti yangu Rehema tukapata ya ghorofa ya nne. Rehema ana duka la vifaa vya simu mtaa wa pili. Benchi nililifungua, nikalipandisha vipande vipande, nikaliunga tena kwenye kibaraza cha nyuma, mahali ambapo wenzangu wameweka mitungi ya gesi na mashine za kufulia.

Nikaendelea na kazi. Stuli, vigoda, mbuzi za kukunia nazi, rafu ya viatu ya jirani. Nilikuwa na randa ya umeme na mashine ya msasa, vitu nilivyozoea miaka ya mwisho ya karakana, nikavichomeka palepale.

Chini yetu anakaa Mama Salma, mfanyabiashara wa vitenge. Asubuhi moja alipanda ngazi ameshika shuka jeupe kwa ncha mbili, kama mtu aliyembeba paka mchafu.

"Fundi Mfaume, hiki ni nini?"

"Shuka, Mama Salma."

"Kwamba ni shuka naona! Hiki kilicho juu yake?"

Nikatazama. "Unga wa mninga."

"Basi chukua ukorogee uji. Shuka nimeanika jeupe, naanua la manjano. Na hiyo mashine yako, mjukuu wangu akilala anashtuka, nami nikishika simu mteja ananiuliza kama nipo kiwandani."

Alikuwa na haki, na nilimwambia hivyo. Lakini habari haikuishia ngazini. Ikaingia kwenye grupu la simu la jengo, na mnajua mambo ya grupu: mwenye kero ya vumbi akaandika, mwenye kero ya kelele akaandika, na mtu wa ghorofa ya pili ambaye hata kibaraza chake kinatazama upande mwingine naye akaandika. Mwenyekiti wa wakazi, Bwana Hafidh, muuza vyombo wa mtaani, akaja mwenyewe mlangoni. Ni mtu mpole, mikono nyuma, maneno ya taratibu.

"Mzee wangu, kikao ni Jumamosi, kwa Mama Salma. Wakazi wanataka benchi litoke. Nimeona nije nikuambie kwa heshima, usisikie kikaoni."

"Nashukuru kwa heshima. Benchi halitoki."

"Mzee wangu..."

"Vumbi nitaliondoa, Hafidh. Kelele nitaziondoa. Kazi siiondoi."

Alipoondoka nilidhani nina mtu mmoja upande wangu. Rehema akaweka mkoba mezani, hakukaa.

"Baba, nimeshaongea na mtu wa Buguruni. Atakuja kulichukua Jumapili."

"Kulichukua nini?"

"Usinifanye niseme. Baba, wananisimamisha mimi ngazini. Dukani wananiambia mimi. Mtu anakuja kununua chaja, anaanza na, 'Hivi mzee wako...' Umefanya kazi maisha yako yote. Nani atakulaumu ukiacha?"

"Mimi."

Akaingia chumbani. Basi hivyo ndivyo nilivyokuwa: benchi likitoka Jumapili, mimi ningebaki mzee wa kochi. Nilikaa kibarazani, mkono juu ya ubao, nikamkumbuka Mzee Likwata.

Mzee Likwata ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa na karakana maeneo ya Gerezani, mtu wa kusini, mfupi, mwenye sikio lililosikia kuliko jicho lilivyoona. Alikuwa anakaa mlangoni ametupa mgongo, anakunywa kahawa, na bila kugeuka anasema, "Mfaume, hiyo randa inalia." Mimi nilikuwa nasukuma kwa nguvu zote, jasho linadondoka juu ya mbao. "Inalia kwa sababu mninga mgumu, Mzee." "Inalia kwa sababu umeinyima makali. Mti hauna kosa."

Hapa ninyi wa majumbani mnisikilize vizuri. Wengi wenu mnanunua msasa mwingi na kunoa kidogo. Geuzeni. Kisu cha randa kikiwa na makali ya kweli, kinatoa maranda: utepe mrefu, mwembamba, unaojikunja na kuanguka miguuni pako. Utepe hauruki kwenda kwenye shuka la mtu. Msasa ndio unaotoa vumbi, na mashine ya msasa ndiyo mama yake. Ubao uliopigwa randa kali hauhitaji msasa, unang'aa wenyewe kama ngozi iliyopakwa mafuta.

Kunoa si siri. Lowesha jiwe. Laza mteremko wa kisu juu yake uguse wote, usiinue kisigino, sukuma na uvute taratibu. Baada ya muda pitisha kidole upande wa pili, kutoka ndani kwenda nje, usipitishe kando ya makali utajikata. Utasikia ukingo mdogo unakwaruza, kama ukucha uliovunjika. Huo ndio unaokuambia umefika. Geuza kisu, kilaze bapa kabisa, uuondoe ukingo huo. Malizia kwenye mkanda wa zamani wa ngozi. Ukiweza kunyoa vinyweleo vya mkono bila kuvuta, rudi kazini. Ukishindwa, rudi kwenye jiwe. Usikate tamaa ukikosea mwanzoni, kila fundi unayemwona amewahi kuharibu kisu.

Na uusome ubao kabla ya kuusukuma. Tazama ubavuni, uone nyuzi zinapanda kuelekea wapi, uzifuate. Ni kama kumpapasa samaki: ukitoka kichwani kwenda mkiani mkono unateleza, ukirudi kinyume magamba yanasimama. Ubao nao una magamba yake. Randa ikianza kurukaruka na kuchimba vishimo, usiongeze nguvu. Geuza ubao.

Hili la kazi isiyolia nililijua kwa njia nyingine pia, na lilinitoa jasho. Enzi nilipoanza kupokea kazi zangu mwenyewe, kitanda cha harusi hakikupokelewa na bwana harusi. Alikipokea somo wa bibi harusi, yule mama aliyemfunda, na shoga yake wa kumsaidia. Walikuja wawili, wamejifunga khanga sare, wakakizunguka kitanda changu kimya kimya. Vanishi wakaisifu. Nakshi wakaisifu. Kisha wakakaa pembeni kwa pamoja, wakajirusha kidogo, na kuinamisha vichwa kusikiliza.

"Kinasema," alisema somo.

"Kinasema nini, Mama?" nikauliza, mpumbavu mimi.

"Kinasema fundi wake mvivu. Korido nzima itahesabu. Kirudishe."

Nilikuwa nimeacha ulimi wa mbao ukapwaya ndani ya tundu lake, nikajaza gundi na kupiga msumari. Msumari unashika leo. Kesho mbao ikinywa unyevu wa masika na kukauka kiangazi, inacheza pale kwenye msumari na kulia. Kiungo kilichochongwa kikakutana chenyewe hakina cha kusema. Chonga ulimi mnene kidogo kuliko tundu, kisha punguza kwa patasi, jaribu, punguza tena. Uingie kwa kusukumwa na kiganja. Ukihitaji nyundo ni mnene, ukiingia kwa kupulizwa ni mwembamba. Somo yule alipokuja mara ya pili alijirusha mpaka shoga yake akamwambia, "Basi, utakivunja cha watu." Hakikusema neno.

Na nyongeza hii, maana wengi wenu mnaishi vyumba vya kupanga. Pima njia kabla ya kupima kitu. Kuna wakati nilimtengenezea mpangaji wa Mchikichini kabati humohumo uani kwake, zuri, milango miwili na taji juu. Tulipolibeba, likaingia koridoni vizuri, likafika kwenye mlango wa chumba, likakataa. Tukaliinamisha, likakataa. Tukalisimamisha, taji likagonga boriti. Wapangaji wote wakatoka kutoa ushauri, na hakuna umati wenye ushauri kama wapangaji waliotoka kuoga. Bibi mmoja alishauri tuhamishe chumba. Mwisho nililikata katikati kwa msumeno, nikalifunga kwa boliti, na tangu siku hiyo kila kabati langu linafunguka vipande vitatu. Mteja akihama, kabati linahama naye. Leo mnaziona samani za mbao za kugandamizwa zinakuja na bisibisi ndani ya boksi, mnadhani wao ndio waliogundua. Tofauti ni kwamba za kwao ukizifungua mara ya pili tundu la skrubu linakuwa uji.

Nisieleweke vibaya. Mashine si adui. Karakana yenye oda nyingi bila mashine itafunga. Lakini nilipokaa kibarazani kwangu na mkono juu ya ubao, nilijiuliza: mashine hii hapa, kwenye stuli moja kwa wiki, inanifanyia haraka gani? Ninaharakisha kwenda wapi? Nikazichomoa zote mbili, nikazifunga kwenye kiroba.

Kisha nikaanza kupigania nafasi yangu kwa yale niliyokuwa nayo. Nilikwenda kwa mshona katambuga nikapata mabaki ya tairi, nikayakata na kuyaweka chini ya miguu ya benchi. Fanyeni hivyo mnaoishi juu ya vichwa vya watu: mtikisiko ndio unaoshuka kwenye sakafu, na tairi linaumeza. Randa yangu ya mti nikaipaka mshumaa tumboni, ikawa inateleza bila kukwaruza. Nyundo nikaiweka kando, viungo nikavibana kwa jiliwa. Kwenye nondo za kibaraza nikatundika khanga kuukuu iliyoloweshwa maji, ili unga kidogo wa msumeno unaswe pale. Maranda nikajaza kiroba kingine, na mfuga kuku mmoja wa Buguruni anayachukua kutandikia vifaranga. Siku zile zote nilifanya kazi kila asubuhi. Hakuna aliyekuja kugonga. Lakini grupu nalo halikunyamaza, maana watu wakishaudhika hawachunguzi tena, wanasubiri kikao.

Jumamosi asubuhi nikamwambia Rehema, "Nina ombi. Nikiwa kikaoni kule chini, nataka mtu awe hapa juu anapiga randa. Mfululizo, bila kupumzika. Kibaraza chetu kiko juu ya cha Mama Salma kabisa, mlangoni pa sebule yake."

"Nani huyo?"

"Wewe."

Akacheka, si kwa furaha. Alipokuwa mdogo, pale uani, alikuwa akipiga randa vizuri kuliko wasaidizi wangu, mpaka alipoingia sekondari na wenzake wakamwambia ananuka gundi. Hakushika tena.

"Baba, mimi ndiye niliyemwita mtu wa Buguruni. Unataka nikutetee?"

"Sitaki unitetee. Nataka upige randa. Ukiona hapana, kaa tu. Mimi nitakwenda vilevile."

Nikavaa kofia yangu nikashuka kabla hajajibu.

Sebule ya Mama Salma ilijaa. Chai ya tangawizi ikapita, na kashata, maana hata kumfukuza mtu kuna adabu zake. Bwana Hafidh akafungua, akasema maneno mazuri kuhusu ujirani. Kisha kila mtu akatoa la moyoni. Mama Salma akaeleza shuka. Wa ghorofa ya pili akaeleza utulivu wa jengo na hadhi ya jengo na wageni wanaokuja kwenye jengo. Mimi nilikuwa nasikiliza kwa sikio moja. La pili lilikuwa darini.

Sikusikia kitu.

Sasa fikirieni hali yangu. Kama Rehema anafanya kazi, ukimya ule ni ushindi wangu. Kama amekaa kitandani na simu yake, ukimya ule ni ukimya tu. Sikuwa na njia ya kujua.

"Mzee Mfaume," akasema Bwana Hafidh, "umesikia. Una neno?"

"Ninalo. Mama Salma, kosa la shuka ni langu na nimelisikia. Mashine zimefungwa, hazitafunguliwa hapa. Lakini mmesema benchi litoke, na hilo nakataa. Jengo hili tunapika, tunatwanga, watoto wanacheza mpira koridoni, televisheni ya huyu bwana wa ghorofa ya pili inatangaza mechi mpaka kwangu, na sijasema neno. Kuishi kuna sauti. Mkiniambia nipunguze sauti, ni haki yenu. Mkiniambia niache kuishi, sikubali, hata mkiwa wengi kuliko hivi."

"Hakuna aliyesema uache kuishi, mzee wangu."

"Mnaona ni benchi tu. Sawa. Niambieni, tangu tumekaa hapa mmesikia kelele gani kutoka kwangu?"

Wakatazamana. "Lakini wewe upo hapa, Fundi," akasema Mama Salma. "Nani apige kelele?"

"Kuna mtu nimemwachia kazi juu."

Nilisema hivyo kwa sauti kavu. Wa ghorofa ya pili akaguna, "Maneno tu hayo." Mama Salma akaweka kikombe chini na kusimama.

"Maneno hayana haja. Ngazi hiyo hapo."

Wakapanda wote, Bwana Hafidh mbele, mimi nyuma nikivuta pumzi, na ninaapa ngazi zile hazijawahi kuwa ndefu vile. Mlango wetu ulikuwa umerudishwa tu. Wakapita sebuleni, wakafika kwenye kibaraza, wakasimama. Nilipenya katikati ya mabega yao.

Rehema alikuwa amefunga khanga kiunoni, miguu peku ndani ya maranda yaliyofika vifundoni. Anasukuma randa kwa mwili mzima kama nilivyomfundisha, si kwa mikono, na utepe unatoka mrefu, unajikunja, unaanguka. Fwiii, kisha fwiii. Ukisimama karibu ndipo unasikia. Hakugeuka.

Mama Salma akasogea. Akashika khanga iliyotundikwa, akaikuta mbichi. Akachungulia chini, kwenye kamba yake ya nguo. Akapitisha kidole juu ya ubao, akakitazama, akakifuta kwenye gauni ingawa hakikuwa na kitu.

"Ijumaa hapana," akasema.

"Ijumaa hapana," nikakubali.

"Na adhuhuri ikiadhiniwa unaacha. Mtoto analala."

"Naacha."

"Na Jumapili?" akauliza wa ghorofa ya pili.

"Jumapili nitakuwa kwako naangalia mpira, si nausikia tu."

Bwana Hafidh akacheka kabla ya wengine, na kikao kikafungwa pale kibarazani bila mtu kusema kimefungwa. Wakashuka wakiongea mambo mengine, bei za mafuta ya kupikia, maji yaliyokatika.

Tukabaki wawili. Nikasogea kwenye benchi, nikanyoosha mkono Rehema anipe randa yangu.

"Subiri, Baba," akasema, akageuza ubao ili afuate nyuzi. "Sijamaliza."